Jinsi ya kutambua kisu cha utotoni kilichopotea: mwongozo kamili kutoka Lubumbashi

Kisu cha utotoni kikipotea, wengi huanza kukitafuta kwa jina. Kilikuwa cha kampuni gani? Kilitoka nchi gani? Lakini jina ndilo jambo la mwisho ambalo mtoto wa miaka saba hulishika. Anachoshika ni namna kisu kilivyofunguka, kilivyolia, kilivyombana kidole, na jinsi embe lilivyogeuka rangi baada ya kukatwa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mkono, unafuata na jicho, na jina linakuja mwishoni kabisa.

Tuko Lubumbashi, na hapa visu vimeingia kwa milango mingi. Reli ilifika mwaka 1910 ikitokea kusini, na tangu hapo bidhaa za Zambia na Afrika Kusini hazijaacha kupanda. Siku hizi zinapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Wabelgiji walikuja na vyao pamoja na vya jirani zao Wafaransa na Wajerumani. Familia za Kasai zilizofuata kazi ya Union Minière, kampuni ya migodi, zilibeba vya kwao. Na wahunzi hawakungoja mtu, walifua. Nyumba moja ya mtaa wa Kamalondo iliweza kuwa na kisu cha Ufaransa mezani, cha Ujerumani mfukoni mwa baba, na kilichofuliwa kwa springi ya lori jikoni. Ndiyo maana kubahatisha jina hakufiki mbali.

Andika kabla ya kutazama picha yoyote

Usifungue intaneti kwanza. Ukitazama picha 20 za visu vya zamani, kesho utaapa kwamba kisu chako kilikuwa na pete ya shaba, kumbe pete umeiona kwenye simu. Kumbukumbu hushika rangi ya kilichoiguza mwisho.

Chukua daftari, andika kila unachokikumbuka, hata kinachoonekana cha kijinga. Kando ya kila jambo weka alama ya aina tatu: nina hakika, nadhani, niliambiwa. Hiyo ya tatu ndiyo inayopoteza watu. "Babu alikipata vitani" ni habari juu ya babu, si habari juu ya kisu. Kisha chora. Mchoro mbaya unatosha, mradi uonyeshe ncha imekaa vipi: imenyooka, imepinda juu, au mgongo wa bapa umeshuka kuifuata.

Weka tarehe kwenye ukurasa huo na usiuguse tena. Mambo mapya yaende ukurasa mwingine.

Uulize mkono

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, usiharakishe. Funga macho, jifanye umekishika kisu, kifungue. Kidole gumba kimekwenda wapi? Mkono wa pili umefanya nini? Mwili unakumbuka mambo ambayo mdomo hauwezi kuyaeleza.

Yaya mmoja (ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa) wa Kamalondo alikuwa na hakika kwamba kisu cha baba yake kilikuwa cha Kibelgiji, kwa sababu baba alikipewa na bosi Mbelgiji kazini. Ndugu zake walikuwa wamemaliza picha zote za visu vya Ubelgiji bila kukiona. Alipoulizwa kilifunguliwaje, hakujibu kwa maneno. Alinyoosha mkono wa kushoto, akavuta hewa kwa vidole viwili vya kulia, akasema: "Kra-kra-kra. Na kwa kufunga, unavuta kapete huku nyuma." Alipoambiwa arudie, akaongeza bila kuulizwa: "Na mu mupini mulikuwaka nyota." Hapo hapakuwa na haja ya kuuliza Ubelgiji tena. Meno yanayolia, pete ya kuvuta nyuma, nyota za chuma kwenye mbao: hicho ni Okapi.

Okapi ilianza mwaka 1902 kule Solingen, Ujerumani, ikitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa Afrika. Ilipewa jina la mnyama wa misitu yetu ya Ituri, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamempa jina la kisayansi mwaka 1901 tu. Baadaye kazi yote ilihamia Afrika Kusini, na tangu 1988 ndiko vinakotengenezwa. Mpini ni wa mbao, umepigiliwa vipande vya chuma vya mwezi na nyota. Springi ya mgongoni ina meno yanayokamata bapa hatua kwa hatua likifunguka, na pete hunyanyua springi ili lifunge. Kisu hicho hicho kilivuka bahari mpaka Jamaika na kupata sifa huko, si zote nzuri. Kwa mtoto wa Katanga ni mojawapo ya visu vya kufikiriwa mwanzoni, maana Afrika Kusini ni barabara moja na sisi.

Mikono mingine huonyesha mambo mengine.

Ukijikuta unazungusha pete kwenye shingo ya kisu baada ya kukifungua, fikiria Opinel ya Savoie, Ufaransa. Mpini wa mbao wa mviringo, mnene katikati, hauna kipande cha chuma mgongoni. Joseph Opinel aliianza mwaka 1890. Pete ya kukaza bapa ililetwa mwaka 1955, na tangu mwaka 2000 pete hiyo inaweza kukaza kisu hata kikiwa kimefungwa. Kwa hiyo ukikumbuka kisu cha umbo hilo kisicho na pete kabisa, ama ni cha kabla ya 1955 ama ni cha ukubwa mdogo sana, kwani vile vidogo havina pete hata leo. Watoto wengi husema "kilikuwa na picha ya mkono". Ni kweli: alama yake tangu 1909 ni mkono wenye taji juu, vidole vitatu vimeinuliwa kama vya padri anayebariki.

Ukikumbuka kisu chembamba chote cha chuma, mpini wa bati lililokunjwa, springi kali iliyopiga "tak!" na kutishia vidole, na hakuna cha kukaza bapa, hicho kinaelekea Douk-Douk. Kimetengenezwa na kampuni ya Cognet mjini Thiers, Ufaransa, tangu 1929, na kiliuzwa sana katika makoloni ya Ufaransa. Kwenye mpini kuna umbo la kiumbe wa Melanesia (visiwa vya Pasifiki) mwenye kofia ndefu. Mtoto atakuambia "kilikuwa na shetani" au "kulikuwa na mganga". Usimcheke, andika hivyo hivyo, maana mtu mzima angesema "kulikuwa na mapambo" na ungebaki bila kitu. Ndugu yake aitwaye El Baraka ana mpini wa namna hiyo hiyo, lakini badala ya kiumbe kuna msalaba wa Kituareg.

Ukikumbuka pia mpini wa bati, ila mweusi, wenye paka anayeruka, na kijiulimi cha kubonyeza mgongoni ili bapa liweze kufungwa, nenda kwa Mercator ya Solingen. Tofauti yake na Douk-Douk ni hicho kijiulimi. Rangi nyeusi huchubuka, kwa hiyo usikikatae kisu kwa sababu unakumbuka kilikuwa cha kijivu.

Kama ulitumia ukucha kukifungua, ukiingiza kwenye kijishimo cha bapa, basi uko katika kundi kubwa na gumu kuliko yote: visu vya Uswisi, vya Kifaransa kama Pradel na Laguiole, na maelfu ya visivyo na jina. Hapo mkono pekee hautoshi. Uulize: kulikuwa na bapa moja au zaidi? Kulikuwa na kizibuo? Kisu chekundu chenye vifaa vingi na msalaba mweupe kinatambulika haraka, ingawa kwa miaka mingi kulikuwa na watengenezaji wawili, Victorinox na Wenger, mpaka Victorinox ilipoinunua Wenger mwaka 2005. Kuhusu Laguiole, tahadhari moja: umbo la nyuki mgongoni si ushahidi wa mahali kilipotengenezwa. Jina hilo na umbo hilo vimetengenezwa sehemu nyingi, Asia ikiwemo.

Embe, limau na harufu ya vidole

Swali hili watu hawaliulizi, nami naliona bora kuliko swali la rangi ya mpini. Je, kisu kilipokata embe, nyama ya embe ilibaki na mistari myeusi? Je, limau lilikitia bapa madoa ya buluu na kijivu? Vidole vilinuka chuma? Kama ndiyo, bapa lilikuwa la chuma cha kaboni, kinachoshika kutu. Kama kisu kilibaki king'aavu miaka yote hata mvua za Desemba zikikikuta nje, kilikuwa cha inox, chuma kisichoshika kutu.

Jibu hilo linapunguza orodha kwa mkupuo mmoja. Douk-Douk ya kawaida ni kaboni. Visu vya Uswisi vya mfukoni tulivyovijua ni inox. Opinel zipo za aina zote mbili, na siku hizi neno lenyewe limeandikwa kwenye bapa.

Kuna jambo la kinoo pia. Kama baba alikuwa akikinoa kwenye ngazi ya saruji kila Jumamosi, bapa la mwisho ulilolikumbuka huenda lilikuwa jembamba kuliko lilivyotoka dukani. Usitafute picha ya bapa jembamba. Tafuta lenye mgongo wa umbo lile lile, kwa sababu kunoa hula upande wa makali na kuacha mgongo.

Ukubwa: usiamini jicho la mtoto

Kila kitu cha utotoni kilikuwa kikubwa. Usiseme "kilikuwa kirefu hivi" huku ukitanua mikono ya leo. Kifungamanishe na kitu ambacho ukubwa wake haujabadilika: kiliingia katika kiberiti? Kilizidi kalamu ya Bic? Kilitokeza katika mfuko wa shati la baba?

Kama kuna picha ya zamani ambayo kisu kinaonekana, hata pembeni, una bahati. Tafuta katika picha hiyo kitu unachokijua kipimo, kalamu ya Bic yenye kifuniko kwa mfano, karibu sentimita 15. Pima vyote viwili kwa rula kwenye picha, kisha piga hesabu ya uwiano. Inafaa tu kama vyote viko umbali mmoja na kamera. Kisu kilichoko mbele kitadanganya.

Kwa Opinel kipimo kinakaribia kukupa namba yenyewe: namba 8 ina bapa la sentimita 8.5 na mpini wa kama sentimita 11, na namba 12 ina bapa la sentimita 12.

Herufi zilizobaki

Sasa ndipo tunafika kwenye maandishi. Watu hukumbuka herufi mbili tatu, mara nyingi zile zilizo karibu na bawaba, kwa sababu huko kinoo hakifiki. Hata neno moja lisilo jina la kampuni lina kazi yake:

- INOX ni chuma kisichoshika kutu, kwa uandishi wa Kifaransa. ROSTFREI ni jambo hilo hilo kwa Kijerumani, na STAINLESS kwa Kiingereza.
- SOLINGEN ni mji wa Ujerumani, na jina hilo linalindwa kwa sheria tangu 1938. Likiambatana na "West Germany", kisu ni cha kati ya 1949 na 1990.
- THIERS ni mji wa visu wa Ufaransa. DÉPOSÉ maana yake alama imesajiliwa. Si jina la mtu, ingawa wapo waliolitafuta kama jina.
- SHEFFIELD ni Uingereza. Nyota na msalaba pamoja ni alama ya mtengenezaji Joseph Rodgers. Herufi IXL ni za mtengenezaji Wostenholm.
- ABL na mwaka chini yake ni jeshi la Ubelgiji.

Nanga ndogo karibu na bawaba huelekeza kwa Pradel wa Thiers, lakini alama hiyo na jina hilo viliigwa mno hata ndani ya mji wenyewe. Ichukue kama mtaa, usiichukue kama nyumba.

Kuwauliza wakubwa bila kuwawekea jibu mdomoni

Mzee akipendwa na anayeuliza, atakubali chochote. Ukimwambia babu au bibi, "Kambo, kile kisu ilikuwaka Opinel, ni vile?" atajibu "Eeh, ni vile," na wote wawili mtakuwa mmepotea. Muulize hivi: "Kambo, kile kisu ya baba, alikuwaka anaifungua namna gani?" Kisha nyamaza. Mpe kijiti mkononi aonyeshe.

Uliza ndugu mmoja mmoja, si wote sebuleni. Yaya mkubwa akishasema "kilikuwa chekundu", wadogo hawatathubutu kusema kingine. Andika majibu yao katika kurasa tofauti, kisha linganisha. Yanapotofautiana juu ya rangi, usijali. Yanapotofautiana juu ya namna ya kufungua, huenda nyumbani palikuwa na visu viwili na kumbukumbu imeviunganisha. Hilo hutokea kuliko watu wanavyodhani, na likitokea, rudi mwanzo na utenganishe: kipi kilikuwa jikoni, kipi mfukoni.

Kwa wakubwa, uliza pia miaka kwa matukio. Tulikuwa bado tunasema Elisabethville? Basi ni kabla ya 1966. Ilikuwa Zaire? Kati ya 1971 na 1997. Ukipata mipaka miwili, mwaka kilipoonekana mara ya kwanza na mwaka kilipopotea, utaweza kutupa nje visu vingi. Okapi iliyokuwa mfukoni mwa babu mwaka 1965 haiwezi kuwa ya Afrika Kusini, hata kama zote zilizoko sokoni leo ni za huko.

Kama hakikuwa cha dukani

Kisu kisicho na herufi hata moja, kisichokunjwa, chenye bapa lililo nene upande mmoja kuliko mwingine, huenda kilifuliwa. Dalili ni alama za nyundo karibu na mpini, mkia wa chuma uliochomwa moto na kusukumwa ndani ya mbao, na mkanda wa kuzuia mbao isipasuke uliokatwa kwenye bomba au ganda la risasi. Springi za lori hupendwa kwa kazi hii kwa sababu ni chuma kigumu kinachokubali makali. Tupa chakavu, kile chuma cha kunolea chenye meno, pia hugeuzwa kisu, na ukitazama kwa makini unaona bado mistari ya meno yake upande wa mgongo.

Hapa usitafute kampuni, tafuta mkono. Mhunzi ana namna yake ya kumalizia ncha na kufunga mpini, na fundi mwingine wa mtaa ule ule ataitambua. Ukipeleka mchoro wako kwa wahunzi, wapelekee na mkato wa ubavuni, unene unaoanzia wapi na kuishia wapi. Wao wanausoma huo kuliko umbo la mbele.

Na kama kilitundikwa ukutani, kikiwa na bapa pana kama jani na mpini wa mbao wenye kirungu cha mviringo mwishoni, uliza kama familia ina asili ya Kasai. Wakuba wana kisu cha namna hiyo kiitwacho ikul, kinachobebwa kiunoni. Masimulizi yao yanamhusisha mfalme Shyaam wa karne ya 17, aliyeondoa silaha ya kurusha na kuweka hiki mahali pake kama alama ya amani. Kwa visu vya jadi, anzia Makumbusho ya Taifa hapa hapa Lubumbashi, yaliyoanzishwa mwaka 1946, kisha makusanyo ya Tervuren, karibu na Brussels, ambayo sehemu yake inaonekana kwenye intaneti.

Sasa fungua simu

Tafuta kwa lugha ya kisu, si kwa lugha yako. Kwa cha Ufaransa andika "couteau pliant ancien" (kisu cha kukunja cha zamani) pamoja na dalili moja tu: "manche tôle" (mpini wa bati), "bague" (pete), "Thiers". Kwa cha Ujerumani andika "Taschenmesser alt Solingen" (kisu cha mfukoni cha zamani cha Solingen). Dalili tano kwa pamoja huleta takataka. Tovuti za mnada na za wakusanyaji kama eBay na Delcampe zinafaa kwa sababu wauzaji hupiga picha bawaba na alama kwa karibu. Tafuta pia katalogi za zamani za Manufrance ya Saint-Étienne, iliyouza kwa posta karibu kila kitu, visu vikiwemo.

Ukidhani umekipata, usishangilie bado. Rudi kwenye ule ukurasa wa kwanza. Chagua mambo matatu uliyoyawekea alama ya "nina hakika" na ambayo picha ya kwanza haikuonyesha: sauti, kijishimo cha ukucha kiko upande gani, rangi ya ribiti. Kisha tafuta picha nyingine au video inayoyaonyesha. Yakikubali matatu, kisu ni hicho. Likikataa moja la mkono, wacha. Likikataa la rangi, endelea kwa tahadhari.

Jaribio kubwa zaidi ni kushika cha namna hiyo. Zunguka masoko ya hapa mjini, la mtaa wa Kenya au la Njanja, kwa wauza vyuma vya zamani, na usitaje jina. Mwambie muuzaji, "Baba, nionyeshe visu vya kukunja ulivyo navyo," kwani ukitaja Okapi kila kisu mezani kitakuwa Okapi. Kifungue ukiwa umefumba macho. Ndugu akikuletea kutoka Ulaya au Afrika Kusini, akiweke katika mizigo ya chini ya ndege, mkononi hakitapita.

Na kisu chenyewe kikijitokeza, chini ya sanduku la mama mukubwa kwa mfano, usikimbilie msasa. Weusi wa bapa la kaboni si uchafu, ni ngozi yake, na ndani yake huenda kuna herufi ulizozitafuta. Ondoa kutu nyekundu tu, kwa pamba ya chuma laini na mafuta kidogo, ukienda na urefu wa bapa. Kipige picha kabla na baada. Bawaba iliyokwama itiwe mafuta ya cherehani na iachwe usiku kucha kabla ya kulazimishwa. Mpini wa mbao usilowekwe, maana mbao ikivimba bapa halitoki tena.